Pengo la Shubiri ya Tatu

Kazini walimwita Bi Pengo, na jina lenyewe halikuhusu meno. Meno yake yalikuwa kamili, na siku akikasirika aliyaonyesha yote. Jina alilipata kwa mahubiri.

Alikuwa mwandishi wa viendeshi, yaani zile programu ndogo zinazokaa katikati ya kompyuta na kadi ya mtandao na kuzisuluhisha, maana hizo mbili hazielewani lugha. Kompyuta ina barua ya kutuma, kadi ndiyo ya kuisukuma kwenye waya, na kiendeshi kazi yake ni kuijazia kadi fomu: barua ina urefu gani, iko foleni namba ngapi, inakwenda kwa nani. Fomu yenyewe ni safu ya vijisanduku sitini na vinne, ambavyo wenyewe wanaviita baiti. Na kadi, pamoja na bei yake yote, haijui kusoma jina hata moja. Inajua kuhesabu. Ikifika kijisanduku cha ishirini inachukua kilichomo na kukiita urefu wa barua, hata kama umeweka humo umri wa bibi yako.

Ndiyo maana watu wa kazi hii wana desturi zao, na Bi Pengo alizishika kuliko anavyoshikwa mtoto sokoni. Kichwani mwa fomu hutangulia mambo matatu: ni ya aina gani, ni toleo la ngapi, ina ukubwa gani. Cha zamani hakihamishwi. Kipya huongezwa mwishoni. Na palipoachwa wazi hujazwa sifuri na kuachwa, hata kama kwa miaka kumi hajaonekana mtu wa kupatumia. Hiyo ya mwisho ndiyo aliyoihubiri zaidi, mezani, kwenye ngazi, mpaka foleni ya maji ya kunywa. Wenzake walijifunza kujaza chupa zao nusu na kukimbia.

Nyumbani hali ilikuwa hiyohiyo. Karatasi yake ya soko ilianza hivi: aina, soko; toleo, la pili; mistari, tisa. Siku moja mume wake, fundi wa saa, mtu mpole asiyependa ugomvi, aliandika "vitunguu" katikati ya mstari wa nne na wa tano. Bi Pengo alichukua karatasi mpya. Aliketi, akaandika toleo la tatu, vitunguu mwisho kabisa, mistari kumi. Mume akaenda sokoni. Alishazoea, na watu walipomcheka alisema kwamba yeye mchana kutwa anashughulika na vigurudumu ambavyo kimoja kikihama saa nzima inakufa, kwa hiyo hakuona cha ajabu.

Tabia hii Bi Pengo aliirithi. Baba yake alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji, enzi ambazo herufi zilikuwa vipande vya madini vya kushikwa mkononi. Alisimama mbele ya sanduku lenye vyumba zaidi ya mia, kila herufi na chumba chake, macho yakisoma karatasi na vidole vikijiendea vyenyewe. Alimlea binti yake kwa msemo wa kujitungia: mwenye kuhamisha herufi bila kusema ni mwizi, hata kama hakuiba kitu.

Sasa mzee hakuwa akiona. Presha ya macho ilimchukulia nuru miaka kumi na mmoja nyuma, na mkewe alifariki miaka mitano baadaye, akamwacha peke yake katika nyumba ya vyumba viwili na jiko. Watoto walitaka kumchukua, akakataa. Alijipikia mwenyewe, na chai yake aliisifu kuliko alivyowasifu wanawe. Sharti lake lilikuwa moja: akiwa jikoni, mtu asisimame nyuma yake. Kwa hiyo hakuna aliyejua hasa anavyofanya. Bi Pengo alidhani anapapasa makopo na kuyahesabu, la kwanza, la pili, la tatu, na hakuona haja ya kuuliza, kwa sababu yeye mambo ya kupangwa anayajua.

Jumamosi moja alikwenda kumfanyia usafi. Alimpelekea kopo kubwa la maziwa ya unga, akasugua rafu ya jikoni mpaka mbao ikarudi rangi yake, akayafuta makopo yote. Kopo jipya aliliweka mwisho kabisa, baada ya la mwisho, kama desturi inavyotaka. Kisha akabandika kila kopo karatasi yenye jina lake kwa herufi kubwa, mwandiko mzuri, mistari imenyooka. Alikuwa amefika kituo cha basi ndipo alipokumbuka kwamba amemwandikia mtu asiyeona. Akajicheka, akapanda basi, akaenda zake na moyo mweupe.

Alhamisi iliyofuata ofisini kukazuka jambo. Ghorofa nzima ilikuwa ikijaribu kadi mpya, ambayo wiki mbili zijazo ingeonyeshwa kwa wateja, na tangu asubuhi barua za majaribio zilifika zimekatwa. Kila barua, iwe ndefu vipi, ilifika na herufi saba tu. Na kwa kuwa watu wa ofisi ile walikuwa na adabu ya kuanza barua kwa neno lilelile, karani wa stoo alipokea kutoka kwa mkurugenzi neno moja: Mpendwa. Basi. Alilisoma mara tatu, akaenda kunawa uso. Mhasibu alipokea manne ya namna hiyo kutoka kwa mlinzi wa zamu ya mchana, ambaye ana mke.

Wengine walisema kadi ni mbovu, irudishwe kiwandani. Bi Pengo hakukubali. Alichapa fomu kwenye karatasi, akatoa rula, akapima kijisanduku kwa kijisanduku, na saa nane mchana akampata mkosaji. Alikuwa mhandisi mgeni, mwanaume wa makamo aliyehamia kutoka kampuni nyingine, ambaye kwa ajili ya suruali zake za pasi walimwita Nadhifu. Nadhifu aliambiwa aongeze jambo moja jipya kwenye fomu, naye kwa heshima zote akaliongeza mwishoni. Lakini fomu haikutakiwa kuzidi vijisanduku sitini na vinne, na mwisho palikuwa hapatoshi. Huku juu, kabla ya urefu wa barua, akaona vijisanduku vinne vya sifuri, havina kazi, havina jina. Akavitoa. Kila kilichofuata kikasogea juu, na pale kadi ilipozoea kuukuta urefu wa barua ikakuta namba ya foleni, ambayo ilikuwa saba.

Ni kosa la mtu nadhifu. Mvivu hawezi kulifanya.

Bi Pengo angeweza kumwita pembeni. Hakumwita. Alisimama katikati ya chumba, rula mkononi, akamwuliza Nadhifu kama akienda msibani na kukuta kiti kitupu hukibeba kwenda nacho kwake. Akamwambia kwamba kadi haijali ametunga fomu nzuri kiasi gani, inakwenda palepale ilipoambiwa tangu mwanzo. Akamalizia kwa maneno ambayo kesho yake mtu aliyaandika ubaoni kwa utani: "Pengo si upotevu. Pengo lina mwenyewe, hata kama humwoni." Nadhifu alisimama ameinamisha kichwa, akikunja na kukunjua mkunjo wa suruali, na Bi Pengo, lazima tuseme ukweli, alifurahi.

Furaha hiyo ilikaa naye muda wa dakika kumi. Simu ikalia. Alikuwa mdogo wake, muuza rangi za nyumba, mtu mwenye moyo mzuri na hasira za karibu.

"Dada," alisema, "baba amekula sabuni."

Habari ilikuja vipande vipande. Jumatatu mzee alimkaribisha jirani yake chai, ikawa na chumvi. Wakacheka. Jumanne chumvi tena, na safari hii hakucheka mtu. Jumatano mzee alipika maharage, akatia chumvi, maharage yakatoa povu. Jirani alipoingia alimkuta amesimama mbele ya sufuria, povu linashuka mpaka sakafuni, kijiko bado kipo mkononi, naye anatema. Hakuumia. Lakini mdogo mtu alikuwa ameshaamua: mzee ameisha, kukaa peke yake sasa ni hatari, Jumamosi wakutane, na atakuja na gari la mizigo kabisa. Kwake kuna chumba, kile kilicho nyuma ya stoo ya rangi.

Bi Pengo alikijua chumba hicho. Dirisha lake linatazama ukuta, na harufu ya rangi inaingia mpaka kwenye mkate. Alijua pia kwamba baba yake akiondolewa kwenye jiko lake hatapika tena maisha yake yote, atakaa kwenye kiti na kuletewa. Moyo ukamwuma vibaya. Akasema baba hajaisha, mkono wa baba haukosei, kama kimehama kitu basi kuna mtu amekihamisha. Mdogo wake akauliza nani. Na hapo Bi Pengo, bado ana joto la ushindi wa mchana, akakumbuka kwamba wifi yake alikwenda kwa mzee Jumapili na kuosha vyombo.

"Muulize mkeo," alisema.

Simu ikakatwa upande wa pili.

Jumamosi alifika na rula, futi ya kupimia, na daftari. Gari la mizigo lilikuwa limeegeshwa nje, limefunguliwa nyuma. Ndani walikuwa wameketi mdogo wake, jirani, na wifi yake aliyeweka mkoba magotini na kumwitikia salamu kwa nusu ya neno. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, amevaa shati la kutokea. Pembeni ya kiti palikuwa na mfuko mdogo, umefungwa tayari. Bi Pengo alipouona ule mfuko alitamani kuupiga teke.

Alianza kusema. Mdogo wake akamkatiza, akasema maneno yametosha, jambo hili linapimika. Baba apike chai, wote wakiona, asisaidiwe na mtu. Ikitoka chai, anabaki nyumbani kwake na hakuna atakayefungua mdomo tena. Ikitoka mchuzi, wanapakia.

Wakamgeukia mzee.

"Sawa," alisema. "Lakini nikikosea msigombane. Mimi mwenyewe nimeshaanza kuona mkono umenizeekea."

Hilo ndilo lililomchoma Bi Pengo. Kwamba wengine wamedhani hivyo, sawa. Kwamba mzee mwenyewe, ambaye kwa miaka arobaini mkono wake haukukosea chumba hata kimoja kati ya mia, sasa anautilia shaka, hilo hakuweza kulimeza.

Wakajipanga mlangoni mwa jiko. Kwa mara ya kwanza mzee alipika watu wakiwa nyuma yake, na mabega yalimpanda kama anayepigwa baridi. Aliweka maji. Akagusa mwimo wa mlango, pale rafu inapoanzia, akaweka kidole gumba hapo na kutandaza kiganja kwenye ukingo wa ubao mpaka kidole kidogo kikagota. Shubiri moja. Akainua mkono, kiberiti. Akawasha. Akarudi kwenye mwimo, shubiri mbili, majani ya chai. Makopo hakuyagusa wala hakuyahesabu. Alipima ubao.

Bi Pengo alihisi masikio yanamwaka moto. Mzee akarudi tena kwenye mwimo. Shubiri moja, mbili. Tatu, na mkono ukapita chini ya kopo lenye karatasi iliyoandikwa SUKARI, bila habari nalo. Nne. Akainua mkono, akashika kopo, akalifungua. Lilikuwa na karatasi nzuri, mistari imenyooka: CHUMVI.

Bi Pengo aliiona rafu yote mara moja, kama alivyoiona fomu ya Nadhifu. Kiberiti, majani, kisha pale pa tatu palikuwa wazi zamani, hapakuwekwa kitu. Alipoleta kopo la maziwa mwisho wa ubao hapakutosha, kwa hiyo akasukuma. Kidogo tu, kila kopo shubiri moja. Sukari ikaja pa tatu, chumvi pa nne, sabuni ya unga ikakaa palepale pa chumvi. Akaweka kopo lake mwisho, kama desturi inavyotaka, akabandika na majina. Majina! Kwa msomaji anayehesabu.

Nyani haoni kundule, ndivyo wasemavyo, na huyu alikuwa ameliona la Nadhifu kwa rula.

Kijiko kilikuwa kimeshazama kwenye chumvi. Hakuna mwingine aliyeelewa. Angeweza kukaa kimya, akasema baadaye kwamba rafu imehama, nani anajua ilihamaje, na wifi yake yupo palepale, alishatajwa, kesi ilikuwa nusu imekwisha. Wazo hilo lilimjia, tusimsingizie utakatifu. Lilimjia na likakaa kwa muda wa pumzi moja.

"Baba, ngoja," alisema. "Rafu niliisogeza mimi."

Kijiko kikasimama hewani.

Alieleza yote, kopo la maziwa, kusukuma, karatasi. Alieleza vibaya, akianzia katikati, bila kichwa wala toleo. Mdogo wake alimtazama kama anayemwona dada yake mara ya kwanza. Wifi yake alifungua mkoba polepole, akatoa leso, akaitazama, akairudisha, akafunga mkoba.

"Endelea, wifi," alisema. "Nakusikiliza."

Bi Pengo akamwomba radhi, mbele ya watu wote, kwa jina lake na la ukoo wake. Kisha akamgeukia baba yake.

Mzee alikuwa amelirudisha kopo palepale alipolitoa, kwa tabia. Akauliza taratibu:

"Umeziba ya tatu?"

"Nimeziba, baba. Niliona haina kitu."

"Ile ni ya miwani ya mama yako."

Akawaeleza, akiongea na ukuta. Macho yalipokufa, mkewe ndiye aliyempangia rafu ile, siku nzima, akimshika mkono na kumpimia kwa kiganja cha mzee mwenyewe ili asije akamtegemea mtu. Na pa tatu alipaacha kwa ajili yake, kwa sababu alipokuwa akipika mvuke ulimjaa miwani, akaivua na kuiweka hapo. Miwani alizikwa nayo. Pahali pake mzee hakuona sababu ya kupahamisha. Kila asubuhi, akienda kuchukua sukari, mkono wake ulipita hapo.

Bi Pengo alilia, na hakujificha. Yale maneno ya ubaoni kule ofisini yalikuwa yake mwenyewe, na sasa yalimrudia yote.

Wa kwanza kuondoka hapo alikuwa mdogo wake. Alitoka nje kwa kishindo, wakadhani amekasirika, akarudi na nyundo, misumari na kipande cha ubao kutoka kwenye gari. Akasema maziwa yatapata rafu yake, chini ya hii, na mtu asiguse ya juu hata kwa dua. Bi Pengo akayarudisha makopo mahali pake, moja moja, mzee akikagua kwa shubiri. Karatasi alizibandua zote. Pa tatu pakabaki wazi.

"Haya," mzee alisema, "sasa tokeni jikoni mwangu."

Wakatoka. Walikaa sebuleni wakisikiliza kifuniko na kijiko, kama watu wanaosubiri majibu ya daktari. Bi Pengo akatoa simu, maana kulikuwa na deni lingine la radhi na alijua likilala litamnyima usingizi. Akaanza kumwandikia Nadhifu. Mzee akaita mtu aje apokee sinia, Bi Pengo akashtuka, akabonyeza, ujumbe ukaenda nusu. Haikupita dakika Nadhifu akapiga, anahema. Kosa limerudi, alisema, na safari hii limeingia mpaka kwenye simu, amepokea "Mpendwa" peke yake. Ilibidi Bi Pengo amweleze mara mbili kwamba kosa halimo kwenye kadi, na mara ya pili alieleza lilipo: kwake mwenyewe.

Mzee aligawa vikombe mwenyewe, akiuliza nani amekaa wapi. Mdogo mtu alionja, wote wakimwangalia mdomo. Akaonja tena. Akanywa chote, akatoka, na wakasikia mlango wa nyuma wa gari ukifungwa. Jirani alisema chai ndiyo hii. Wifi alisema haijapata kuwa tamu hivi.

Bi Pengo akanywa lake funda la kwanza. Lilikuwa chumvi tupu.

Aliinua macho. Mzee alikuwa ameegemea kiti, kikombe chake kifuani, uso umeelekea dirishani.

"Vipi, mama," aliuliza, "imekolea?"

"Imekolea, baba."

Akainywa yote, mpaka masalia ya chini, bila kukunja uso, kwa sababu wifi yake alikuwa akimtazama na kwa sababu ilikuwa haki yake. Mzee akasubiri asikie kikombe kikitua mezani. Kisha akanyanyuka, akakipapasa, akakichukua, akamwambia amfuate. Jikoni hakufunga mlango. Aliweka kidole gumba kwenye mwimo na kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, ya nne akamshika binti yake mkono na kuuweka juu ya kopo la sukari.